Tulimlaza jirani kwenye jeneza ili tupige filamu, Makongeni nzima ikaja kumlilia

Wakuu, niaje. Kwa wale wa rika langu, habari za magoti.

Haya ninayoandika yalitokea. Nikiongeza chumvi, Odhiambo bado yuko hai, yuko humu jukwaani kwa jina la kujificha, na ananichukia vya kutosha kunisahihisha.

Wiki iliyopita kijana mmoja alifungua uzi akisifu zile filamu za indie. Zile ambazo mtu asiyejua kuongea na watu anatembea peke yake dakika tisini, anakula mkate, anaangalia dirisha, halafu mwisho. Akauliza kama Kenya tumewahi kutengeneza ya aina hiyo.

Mjuaji fulani akamjibu kwamba zamani hatukuwa na wapweke, tulikuwa na undugu.

Mjuaji, kaa chini.

Tulitengeneza. Makongeni, mtaa wa nyumba za reli huko Eastlands, Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Haijaonyeshwa popote na haitaonyeshwa, na walioiharibu ni watu wa Makongeni wenyewe.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na minne na nywele nyingi kuliko akili. Nilifanya kazi kwenye studio ya picha karibu na soko la Burma. Passport, harusi, na watoto wachanga wanaolia. Mtaani jina langu lilikuwa Picha, na hata mama yangu akaanza kuniita hivyo.

Mwalimu mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao aliniachia kamera ndogo ya filamu, ile ya kushika mkononi, isiyorekodi sauti, pamoja na katriji saba.

Katriji moja ilikuwa dakika tatu kasoro. Ukiimaliza unaituma ng'ambo kwa posta ikasafishwe, unangoja miezi. Nyinyi mnaorekodi hata chakula kabla ya kula, someni hapo mara mbili.

Mwenzangu alikuwa Odhiambo. Alikuwa mtu wa mashine kwenye kiwanda cha sabuni Industrial Area, na alikuwa na maoni juu ya kila kitu. Siku moja tulienda kuona filamu ya Ulaya, bure, kwenye ukumbi fulani mjini. Hakuna aliyepigwa. Hakuna aliyeimba. Mwisho wake mtu alikaa kitandani.

Watazamaji walitoka wameinamisha vichwa, na Odhiambo akanishika bega.

"Buda, umeona? Hiyo ndio sanaa. Ikiisha hakuna mtu anafurahi."

Tukaamua na sisi tuwanyime watu furaha.

Script aliandika yeye, ukurasa mmoja na nusu. Mtu anaishi peke yake kwenye nyumba za reli. Hasalimii mtu, hatembelewi na mtu. Anakufa. Jeneza lake linawekwa ndani, mabenchi yanapangwa nje, na hakuna anayekuja. Mwisho. Mabenchi matupu kwa katriji nzima. Odhiambo alipomaliza kunisomea alikuwa na machozi machoni, kwa kujipenda tu.

Tulianza na muigizaji ambaye ni rafiki yetu, mtu mzuri sana na muigizaji bure kabisa. Tulimwambia apite njiani kama mtu asiyejuana na yeyote. Alimsalimia kila aliyempita, akauliza habari za watoto, akasimama kumsaidia mama mmoja kuinua ndoo. Halafu watoto wakagundua kuna kamera, wakajaa mbele yangu wakipunga mikono. Katriji ya kwanza ikaisha hivyo, ni mikono tu.

Hapo nikatoa amri: kuanzia leo, siri. Mtu asiambiwe tunapiga filamu. Kumbukeni hiyo amri, maana ndiyo iliyotumaliza.

Muigizaji wetu halisi nilimpata kwenye foleni ya mfereji.

Wale ambao hamkuijua Makongeni ya enzi hizo: kila familia chumba chake, lakini mfereji na choo ni vya wote. Huwezi kujificha. Yaani mtu akila ugali kwa kabichi, safu nzima inajua.

Lakini palikuwa na Makokha.

Makokha alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mrefu, koti moja. Kazi yake reli ilikuwa kutembea kando ya mabehewa yaliyosimama, na nyundo ya mpini mrefu, akigonga kila gurudumu na kusikiliza. Gurudumu zima lina mlio wake, lenye ufa lina wake. Siku nzima alisikiliza vyuma, na nadhani hiyo ndiyo jamii aliyoiweza.

Kwenye foleni ya maji alisimama ameangalia ukuta. Ukimsalimia "Habari?", alijibu "Leo Jumanne." Nusu ya mara ilikuwa kweli Jumanne. Akitaka kwenda choo, alisimama kwanza nyuma ya mlango wake akisikiliza mpaka miguu ya watu ipite, ndipo akatoka mbio.

Miaka kumi hivyo. Matanga ya watu hakwenda hata moja, na kwa mtu wa Eastlands hilo ni kosa kubwa kuliko wizi.

Odhiambo akasema hatuhitaji kumfundisha kitu. Nikaenda kubisha.

"Hodi."

Nikasikia sauti ya viatu. Kiatu chake cha kushoto kilikuwa kinalia, kwiik, kila akikanyaga.

"Hodi, Mzee Makokha."

"Hayuko," akajibu kutoka ndani.

Wakuu, ungefanya nini? Nilisema, "Basi mwambie Picha wa studio alikuja. Ana kazi anataka kumpatia."

Akafikiria. "Nitamwambia."

Kesho yake alikuja studio, akasimama mbele ya lile pazia letu lenye mchoro wa maua, na kusema, "Niliambiwa ulikuja."

Nikamweleza hadithi yote. Hakuniangalia, aliangalia maua. Nilipofika mwisho aliuliza swali moja tu.

"Huyo mtu akishakufa, nani anakuja?"

"Hakuna."

Akatikisa kichwa polepole, kama fundi aliyekubali kipimo.

"Hiyo ni kweli," alisema. "Mimi nikifa kwa ile nyumba, watajua kwa harufu. Siku ya tatu, siku ya nne. Inategemea jua."

Alisema hivyo bila kujihurumia, kama anayetoa taarifa kazini. Mimi, mjinga wa miaka ishirini na minne, nilichofikiria ni kwamba hayo maneno yangefaa sana kwenye script, pole tu kwamba kamera haina sauti.

Akakubali. Ila akaweka sharti. Sisi tulipanga jeneza liwe limefungwa, tupu. Yeye akasema hapana, atalala ndani mwenyewe.

"Nataka kuona vile itakuwa."

Hicho ndicho alichotaka, wakuu. Hakuuliza malipo, hakuuliza ataonekana wapi. Alitaka kuujua mwisho wake mapema ili usimshtue.

Tulipiga katriji tano kwa wiki sita. Alikuwa muigizaji wa ajabu kwa sababu hakuigiza chochote. Alikunywa uji, alifunga kamba za viatu, aliangalia ukuta. Kila kitu mara moja, hakuna kurudia. Odhiambo alikuwa anauma vidole kwa furaha.

Ikabaki katriji moja, ya mabenchi matupu.

Tulichagua Jumamosi alasiri, jua likiwa bado zuri. Mabenchi manne tuliazima kanisani kwa kusema ni ya mkutano. Jeneza Odhiambo alilitoa kwa fundi wa Majengo aliyekuwa anakunywa naye. Fundi alitoa sharti lirudi Jumapili bila mikwaruzo, maana lilikuwa na mteja wa Jumatatu.

Sasa sikilizeni upumbavu wa watu wawili waliojiona wameelimika.

Odhiambo alileta jeneza kwa mkokoteni. Jogoo Road, mchana, Jumamosi, saa ile ambayo watu wote wanarudi kutoka kazi ya nusu siku. Hakulifunika hata kwa gunia. Akaingia nalo Makongeni, akapita safu tatu za nyumba, akasimama mlangoni kwa Makokha.

Mama Akinyi alikuwa nje anachambua dagaa wa omena. Mama Akinyi alikuwa jirani wa Makokha ukuta kwa ukuta, na ndiye aliyekuwa kiongozi wa misiba yote ya upande ule, bila kuchaguliwa na bila mpinzani.

"Odhiambo, hiyo sanduku ni ya nani?"

Na Odhiambo, akikumbuka amri yangu ya siri, akainamisha kichwa na kusema ukweli mtupu: "Ni ya Makokha, mama."

Akaingia ndani akafunga mlango.

Mnaojua mila ya Nairobi mmeshashika kichwa. Mtu wa magharibi ya Kenya akifa mjini, mwili unakaa mochari. Watu wanakutana nyumbani kwake jioni baada ya jioni, wanapanga usafiri wa kumpeleka kwao. Jeneza unaliona nyumbani siku moja tu, ya mwisho. Linapitishwa ili marehemu aagwe, kisha safari.

Kwa hiyo alichokiona Mama Akinyi ni hiki: Makokha amekufa, tena siku nyingi, hakuna aliyeambiwa, hakuna chai iliyopikwa, na vijana wawili wanataka kumsafirisha leo kama gunia la viazi.

Sisi ndani hatukujua. Tuliweka jeneza juu ya stuli mbili. Makokha akapanda, akauliza, "Mguu naweka wapi?" Tukamfunika shuka jeupe mpaka kidevuni. Odhiambo, kwa kupenda uhalisia, akampaka unga wa ngano usoni na kumtia pamba puani. Alimwekea pia kitabu cha nyimbo kifuani, lakini kikawa kinapanda na kushuka, tukakitoa.

Niliweka kamera kwenye miguu yake mitatu nyuma ya kichwa cha marehemu. Picha ilikuwa hivi: chini ukingo wa jeneza, halafu mlango wazi, halafu nje yale mabenchi manne, hakuna mtu, jua linaanguka juu yake. Wakuu, ilikuwa nzuri. Mpaka leo nikifumba macho naiona. Odhiambo akatoka kwenda kuzuia wapita njia.

Nikainama kubonyeza.

Mama Akinyi akaingia kwenye picha na sufuria kubwa kichwani.

"Mama! Toka kwa picha!"

"Picha gani?" Alikuwa ameshavaa leso mbili na kitambaa cha kichwa. "Mtu analala hapo anasafirishwa leo, mabenchi matupu, hata kikombe cha chai hakuna! Nyinyi watoto hamna haya?"

Nyuma yake walikuwa wanawake sita, kuni, majani, sukari. Akatua sufuria chini, akashika kichwa kwa mikono miwili, akaachilia yowe ambalo nadhani walilisikia Burma.

Basi. Nani angebaki nyumbani? Wakatoka safu kwa safu. Waliokuwa wananyolewa wakaja nusu kichwa. Kina baba wakaja na stuli zao kwa sababu mabenchi manne yalijaa kabla sijafunga mdomo. Kina mama wa Murang'a wakawasha moto, kina mama wa Siaya wakaanza wimbo. Mzee Njoroge, mwenye bucha Burma, alifika na aproni ya damu bado tumboni na mifupa ya supu mabegani, akajiteua mwenyekiti.

Odhiambo nilimuona mbali, amesimama katikati ya njia na mikono imenyooka kuzuia watu, na watu wanapita chini ya makwapa yake.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Nilifungua kinywa niseme, kwa haki kabisa, ingawa nilijua nitapigwa. Nikainama kwanza kwa Makokha. Alikuwa amefungua jicho moja.

"Ni nini hiyo?" akanong'ona. Kwa pamba puani, sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye mafua makali.

"Watu."

"Wangapi?"

"Wengi. Makongeni yote."

"Nani amekufa?"

"Wewe, mzee."

Jicho likazunguka, likatazama mabati ya dari muda mrefu.

"Wamekuja kwangu?"

"Ndio. Ngoja niwaambie."

"Wacha," alisema. "Wacha kwanza." Akafumba jicho.

Nikaacha. Nusu kwa ajili yake na nusu kwa ajili ya ngozi yangu, sitawadanganya.

Huko nje Mzee Njoroge alisimama kufungua mkutano, na msidhani walimsifu marehemu. Walimkaanga.

"Huyu mtu," alisema Njoroge, "kila Ijumaa alinunua nusu kilo kwangu, anaonyesha na kidole. Miaka kumi! Sauti yake mimi siijui. Nilifikiri ni bubu."

"Si bubu," mwingine akadakia. "Juzi nilimuuliza habari, akaniambia maji yamerudi."

"Na yalikuwa yamerudi?"

"Yalikuwa yamerudi."

Kicheko kikapita. Msibani, ndiyo. Mwingine akasema Makokha alikuwa anajificha chooni mpaka foleni ya mfereji iishe. Mwingine akasema marehemu hakuja matanga ya babake yeye, na hatamsamehe, ila huyo huyo alikuwa ameshika kikapu cha vikombe anagawa.

Halafu nikaanza kusikia kitu kingine. Mmoja akisema Makokha analala saa tatu, mwingine anamsahihisha, hapana, saa tatu anazima taa, saa nne ndio anaacha kukohoa. Mtu akasema anakunywa uji bila sukari. Mwenzake akasema Ijumaa anatia. Walijua kiatu gani kinalia. Walijua Jumapili anaimba wimbo mmoja wa kanisani kwa sauti ya chini, na kwamba ubeti wa tatu huwa anausahau, anaanza tena.

"Mimi humalizia huku upande wangu," Mama Akinyi alisema. "Yeye hajui."

Mtu alijificha miaka kumi, na hakuna aliyekuwa amempoteza hata siku moja. Niliangalia ndani ya jeneza. Unga wa ngano ulikuwa umepasuka mistari miwili, kutoka kwenye macho kwenda masikioni.

Mimi nilisimama pale na ile script yetu ya ukurasa mmoja na nusu mfukoni, na nikaona haya. Kweli kabisa, haya ya kuchoma.

Shida ikaja kwenye ajenda ya usafiri. Njoroge akauliza, "Kwao ni wapi?"

Walijua kikohozi chake, lakini hilo hakuna aliyelijua. Mmoja akasema Bungoma. Mwingine akasema hapana, Busia. Mwingine akasema jina lile hata Mumias liko. Odhiambo na mimi wakatuuliza, maana ndio tuliokuwa na maiti, na sisi pia hatukujua. Tulikuwa tumempiga filamu wiki sita.

Njoroge akakuna kichwa. "Kama hatujui, basi makaburi ya Lang'ata yapo."

Afadhali angetukana. Mama Akinyi alisimama, moto nyuma yake.

"Lang'ata? Jirani yangu, azikwe na watu hawajuani? Njoroge, nikisikia hiyo neno tena hii supu nitakumwagia."

Akageuka akaingia ndani. Kwetu mama akilia maiti, anaongea naye kama mtu anayesikia. Anamlaumu, anamuuliza maswali. Na mimi, Mungu anisamehe, mkono wangu ulienda wenyewe kwenye kamera, nikabonyeza na kufunga kile kidude cha kuiacha ikimbie. Machozi ya kweli, bure. Ndivyo sanaa ilivyokuwa imeniharibu.

Mama Akinyi akapiga magoti kando ya jeneza. Watu wakajaa mlangoni nyuma yake.

"Makokha," alisema, na sauti yake haikuwa tena ya msiba wa hadhara, ilikuwa ya ukuta kwa ukuta. "Kwa nini hukuniambia? Ningekupikia hata uji. Sasa ona tunavyohangaika. Kwenu ni wapi, ndugu yangu? Tukupeleke wapi?"

Miaka kumi watu walimuuliza maswali na akajibu mambo ya maji na siku za wiki. Hili alilijibu.

"Malava," ikasema sauti ya mafua. "Ukitoka sokoni unafuata njia ya mtoni. Boma la pili. Ulizia dada yangu, Nafula."

Wakuu.

Mlango wa chumba cha Makongeni unapitisha mtu mmoja. Siku ile ulipitisha kumi na watano kwa mara moja. Mabenchi ya kanisa yakapaa. Supu ikamwagika. Njoroge aliruka moto na aproni yake na kutoweka upande wa reli.

Na sasa nakiri jambo ambalo Odhiambo amelitumia kunitukana miaka yote hii. Mimi niliyemlaza Makokha kwenye jeneza, niliyezungumza naye dakika kumi zilizopita, niliyejua kuliko mtu yeyote Afrika Mashariki kwamba yuko hai, nilikimbia. Nilikuwa wa kwanza. Niliwapita wanawake. Nilisimama Jogoo Road.

Kofi nilisimuliwa niliporudi, nikinyata. Mama Akinyi hakuwa amekimbia. Alikuwa amempiga Makokha kofi moja, unga ukatapakaa, halafu akakaa chini akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

"Chai imeiva," alimwambia. "Utakunywa ama bado umekufa?"

Tulipigwa kidogo, mimi na Odhiambo. Kistaarabu. Viatu zaidi kuliko ngumi. Halafu watu wakarudi mmoja mmoja, kwa sababu chai ilikuwa imepikwa na haiwezi kumwagwa. Jeneza lilirudi Majengo na mkwaruzo, fundi akatutukana mpaka ukoo.

Filamu ilirudi kwa posta baada ya miezi minne. Tuliitazama studio, juu ya shuka: mimi, Odhiambo, Mama Akinyi, na Makokha amekaa karibu kabisa na mlango.

Katriji ya mwisho ilianza na mgongo wa Mama Akinyi. Mabega yanatikisika. Halafu mgongo unaruka nyuma, unatoka kwenye picha. Halafu mimi, nikitoka mlangoni kama niliyechomwa sindano. Halafu watu wengine. Halafu hakuna mtu.

Halafu ikawa ile picha yetu. Ukingo wa jeneza, mlango, mabenchi matupu, jua. Kama ilivyoandikwa.

Odhiambo alikaribia kushangilia. Ndipo Makokha akaonekana anatoka mlangoni na shuka lake, unga umebaki upande mmoja wa uso, ule usiopigwa kofi. Anaangalia kushoto na kulia. Anainua benchi moja lililopinduka, analisimamisha. Anainua la pili. Anayapanga yote manne, sawasawa, kisha anakaa kwenye la mbele, mikono magotini, anangoja. Mama Akinyi anaingia na vikombe viwili. Nyuma yake Njoroge anachungulia. Filamu inaisha hapo.

"Imeharibika," Odhiambo alisema. "Mwisho watu watafurahi."

Makokha alisema, "Ile benchi ya tatu ilikuwa inayumba."

Msidhani alibadilika akawa mtu wa watu. Ukimsalimia bado ilikuwa Jumanne. Lakini msiba uliofuata wa mtaa alikuja, akakaa mwisho wa benchi, ameangalia ukuta, mpaka watu walipoondoka. Na uliofuata pia. Hakuna aliyemsemesha. Walimpa kikombe tu.

Alikufa kweli miaka mitatu baadaye, usingizini.

Alikuwa amesema watajua kwa harufu, siku ya tatu au ya nne. Mama Akinyi alibisha mlango wake saa moja asubuhi ya siku ile ile, kwa sababu saa kumi na mbili na nusu hakusikia kiatu kikilia. Alibisha mara moja tu, kisha akaita watu wavunje.

Hatukuhangaika kumuuliza mtu njia. Basi lilijaa. Malava, kutoka sokoni njia ya mtoni, boma la pili. Nafula alitoka akatukuta tumeshasimama uani.

Mimi nilikuwa nimebeba mabenchi.

Funzo? Mimi na Odhiambo tulikuwa na kamera, script na elimu, na tuliamini mtu asiyeongea hana watu. Mama Akinyi hakuwa na kamera. Alikuwa na sikio ukutani, na siku ya kuulizwa jambo la maana, aliuliza yeye.

Mkanda wa filamu uko chini ya kitanda changu kwenye kopo la biskuti. Msiniombe link.

Badala yake nijibuni nyinyi. Jirani yako wa ukuta wa pili, kwao ni wapi? Andika hapa chini, bila kudanganya. Kama hujui, zima simu uende ukabishe hodi. Akisema hayuko, mwambie utarudi.